Mitungi ya Benki

Zamani benki ya mjini kwetu ilikuwa na picha moja tu ukutani. Ilionyesha baba, mama na watoto wawili wamekaa mbele ya kompyuta wanacheka, meno yote nje, kana kwamba hiyo kompyuta imewasimulia kichekesho. Sisi wa kwenye foleni tuliwatazama hao watu miaka nenda miaka rudi bila kujua ni akina nani wala wanacheka nini. Mlinzi wa mlangoni alikuwa akisema hao ndio watu pekee waliowahi kuonekana mle ndani wakiwa na furaha. Ukiingia tawi la mji mwingine ulikuwa unawakuta walewale, wanacheka vilevile.

Siku moja makao makuu yakaamka yakasema picha zishuke. Kila tawi liwe na sura ya mahali lilipo, rangi za pale, kazi za mikono za watu wa pale, ili mteja akiingia ajione yuko kwao. Tangazo hilo lilikuwa zuri, siwezi kulilaumu. Na kazi ya kulipamba tawi letu akapewa binti wa dada yangu.

Huyo binti tunamwita Rula. Tangu mdogo alikuwa hatulii mpaka apime kitu: meza, mlango, mkia wa paka. Mama yake, dada yangu, ni mfinyanzi. Mimi mdogo mtu nashona mapazia, na mapazia ya benki nilishona mimi, ndiyo maana mambo haya sikuyasikia kwa jirani. Nikiyasimulia hasira hunipanda. Tatizo ni kwamba mpaka leo sijampata wa kumkasirikia.

Kwanza mjue ugomvi wao. Rula alikuwa na mikono ya udongo, na mikono hiyo haifundishwi, mtu huzaliwa nayo. Alipokuwa msichana alifinyanga mtungi, mama yake akauweka sokoni katikati ya mitungi yake mwenyewe, na wanunuzi waliokuwa wakiijua kazi ya dada tangu zamani wakauchagua ule. Dada alirudi nyumbani siku hiyo anaimba. Akajua amepata wa kumrithi. Kisha Rula akaenda kusomea mapambo ya nyumba, na dada, ambaye ulimi wake haujawahi kuwa na breki, akamwambia mbele ya watu, "Kwa hiyo umekwenda shule kujifunza kupanga viti." Rula naye hakukubali kushindwa. Akajibu kwamba afadhali kupanga viti kuliko kuinama matopeni kutwa nzima kwa ajili ya mitungi, na watu siku hizi wana friji.

Maneno hayo yakakaa kati yao. Si kwamba walinuniana, la. Walisalimiana, walitembeleana, mmoja akiugua mwenzake alikuwa wa kwanza kufika. Lakini kazi ya mmoja haikutajwa mbele ya mwenzake. Mimi niliyekuwa katikati niliona wazi: mama alitaka siku moja binti yake aseme kwamba mtungi ni kitu cha maana, na binti alitaka siku moja mama yake aseme kwamba kupamba ukuta ni kazi. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aanze, na wote wawili ni wakaidi kama punda wa mama mmoja.

Kwa hiyo Rula alipoingia uani kwa mama yake, akakaa kwenye kigoda cha zamani na kusema, "Mama, nataka mitungi yako benki," mimi moyo ulinipasuka kwa furaha.

Dada hakuinua uso. "Benki?"

"Benki. Nataka tisa, mikubwa na midogo. Mteja akiingia tu, cha kwanza kuona kiwe kazi yako."

Dada akafuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuvimba viungo wakati ule, na daktari alikuwa amemwambia apumzike na udongo. Yeye akamjibu daktari kwamba atapumzika kaburini.

"Wanataka ya namna gani?" akauliza.

"Ya namna yako. Ila mkubwa kuliko yote usizidi hapa." Rula akatoa utepe wake wa kupimia.

"Sasa itakaa sehemu gani? Kuna kivuli? Nani atakuwa anaiangalia?"

Hapo Rula akacheka, akamnyooshea mama yake kidole. "Mama! Kazi mbichi haiulizwi."

Hiyo ndiyo sheria ya nyumba ya dada. Mtungi ambao haujachomwa huulizi ni wa nani, wala utakuwa tayari lini, wala mbona umekaa upande. Wanangu wote wamewahi kufukuzwa uani kwa kuuliza. Si mambo ya uchawi. Dada anasema mfinyanzi akianza kueleza anachofanya, mikono huacha kuusikiliza udongo ikaanza kuusikiliza mdomo. Rula alikulia kwenye sheria hiyo, akakemewa nayo mara zisizo na hesabu, na sasa aliirudisha kwa mwenyewe.

"Ukuta wangu nao bado mbichi," alisema. "Utauona ukiiva."

Dada akaangua kicheko. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone akicheka kwa jambo lililohusu kazi ya binti yake. "Haya, mwalimu wangu, umenikamata. Sikuulizi tena." Tukacheka sote watatu pale uani mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Nikikumbuka kicheko kile leo najuta, maana swali moja tu pale lingetosha kutuokoa.

Dada akaingia kazini. Alichota udongo mwenyewe kule shimoni, hakutaka wa kuletewa. Akauloweka, akaukanda, akaanza kuviringisha na kupandisha. Kila mtungi aliusugua kwa kokoto laini mpaka ukang'aa. Asubuhi alikuwa anaamka vidole vimekakamaa, anaviloweka kwenye maji ya moto mpaka vikubali kukunjika, halafu anarudi kwenye udongo. Nilimwambia, "Dada, utaimaliza hii mikono." Akaniambia, "Naiweka ya nini? Nitazikwa nayo?"

Baada ya kuichoma, akaijaza maji yote na kuiacha ilale nayo. Mtungi mzuri hutoa jasho kwa nje, ndiyo maji yanapata ubaridi, lakini haudondoshi tone. Mmoja ulidondosha. Aliupasua papo hapo akaanza mwingine.

"Watu wanasimama mle benki mpaka miguu inaota mizizi," aliniambia siku hiyo. "Wazee, wanawake wenye watoto mgongoni. Koo zinakauka. Rula amefikiria jambo la maana sana. Mimi nilidhani amesoma kupanga viti, kumbe amesoma kuwatazama watu."

Ndipo nilipojua anachoamini. Na mimi nikaamini hivyohivyo, kwa nini nisiamini? Mtungi wa dada yangu haukuwahi kuagizwa na mtu kwa kazi nyingine yoyote isipokuwa kutia maji. Nikamwambia amrudie mwanawe amwambie maneno yale yale aliyoniambia mimi. Akasema atamwambia siku ya ufunguzi, mbele ya watu, ili lile neno la viti alilolisema mbele ya watu lifutwe mbele ya watu.

Rula alipokuja na gari kuichukua, dada hakubakiza hata mmoja. Mfinyanzi hulia gaeni, na yeye mwenyewe alibaki anakunywa maji kwenye kikombe cha bati. Lakini alikuwa na siri. Gari lilipoondoka alinionyesha: alikuwa ametengeneza vifuniko tisa, kimoja kwa kila mtungi, vyenye vishikio vidogo vya duara. "Vumbi la mle ndani, na watu wanakohoa," alisema. "Hivi nitavipeleka mwenyewe."

Siku ya ufunguzi tulivaa vizuri. Dada alibeba kikapu cha vifuniko kimefunikwa kitambaa, hakukubali nimsaidie ingawa vidole vilikuwa vimevimba. Mlinzi alitufungulia mlango kwa heshima zote, akasema, "Mama, leo benki ni yako."

Na nitasema ukweli, kwa sababu sipendi kumwonea mtu: ukumbi ule ulipendeza. Kuta zilipakwa rangi ya udongo wa kwetu, ule mwekundu unaoelekea kahawia. Viti vya plastiki vimeondoka, mahali pake mabenchi ya mbao kama ya sokoni. Mapazia yangu yameshuka vizuri hayana hata mkunjo. Na kwenye ukuta mkubwa, juu ya mashine ya kutolea namba za foleni, mitungi ya dada yangu ilikuwa imepanda kwa mstari, midogo chini, mikubwa juu, midomo yote imetazama mbele, na ndani ya kila mdomo taa inawaka. Ung'avu wa kokoto ulionekana kama mtu ameisugua dakika ile. Watu walikuwa wanaingia, wanasimama, wanasema "Ah!"

Dada alikuwa anatazama chini. Alitazama kwenye pembe za chumba, akatazama karibu na mabenchi, akatazama nyuma ya mlango. Alikuwa anaitafuta mitungi yake mahali mitungi inapokaa. Mpaka nilipomgusa bega ndipo akainua macho.

Rula akaja mbio, uso unawaka. "Mama, umeiona?"

Dada alisogea ukutani. Mtungi wa chini ulikuwa usawa wa kifua chake. Akatia mkono kwenye mdomo wa mtungi, kama anavyofanya siku zote kupapasa kitako, akautoa haraka.

"Una moto," alisema.

"Ni taa, mama. Waya unapitia nyuma."

"Unapitaje?"

"Fundi ametoboa kitako kwa drili. Nilimsimamia mwenyewe, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Haukupasuka hata mmoja!" Alisema hivyo kwa fahari, mtoto wa watu.

"Yote tisa?"

"Yote tisa, mama."

Kwetu mtungi ukitoboka kitako hutupwa nyuma ya nyumba, ukipata bahati hupandwa vitunguu. Mkono mmoja wa dada ulikuwa unakivuta kile kitambaa cha kikapu, unakibana pembeni ili kisifunuke.

Meneja wa tawi, mwanamume mpole anayependa hotuba kuliko chakula, alipanda kwenye jukwaa dogo akazungumza juu ya sura ya mahali na mizizi yetu, akasema makao makuu yameshaomba picha, akasema mgeni wetu wa heshima ndiye mama mwenye mikono hii ya ajabu. Watu wakapiga makofi. "Mama, tafadhali, utupe hata neno moja."

Dada akageuka. Nilijua alikuja na maneno yake tayari, yale ya wazee na koo zilizokauka. Kwenye pembe niliona tangi la plastiki la maji, na vikombe vya karatasi vimepangwa juu yake. Nadhani naye aliliona.

"Mwanangu ana jicho," alisema. "Ukuta umependeza. Kazi hii ni kazi."

Basi. Ndilo neno ambalo Rula alilingoja tangu aende shule, na limekuja mbele ya watu kama mama yake alivyokusudia. Rula aliziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, akaja kumkumbatia. Na katika kumkumbatia kikapu kikamgonga, kikatoa sauti. Ndugu zangu, binti wa mfinyanzi hadanganyiki kwa sauti ya udongo uliochomwa.

"Mama, umebeba nini?"

"Mambo yangu tu ya nyumbani."

Rula akafunua kitambaa. Akatoa kifuniko kimoja, akakishika kwa kishikio chake, akakitazama. Halafu akageuza shingo akatazama mitungi, akahesabu kwa macho, akatazama tena kikapuni. Hakuna aliyemweleza kitu. Uso ulimbadilika mbele yangu mpaka nikaogopa ataanguka.

"Ilikuwa ya maji," alisema.

"Usilie mbele ya wageni wako," dada alimwambia. "Sisi tunakwenda. Umefanya vizuri, mwanangu."

Tulitoka, na mlinzi akatupigia saluti.

Baada ya siku hiyo Rula hakuonekana kwa mama yake. Aibu ilimla. Alikuwa anakuja kwangu, anakaa kati ya vitambaa, anarudia mambo yaleyale. Kwamba angeuliza. Kwamba mama angeuliza. Kwamba ile sheria ya kijinga. Alikwenda kwa meneja kumwomba mitungi ishushwe, walau midogo. Meneja alishangaa kweli. Makao makuu yamesifu, matawi mengine yanataka mfano wake, wateja wanapigia picha pale, ishushwe kwa nini? Rula hakuweza kumwambia kwamba imekufa. Angemwelewaje?

Dada yeye hakulaumu. Ndicho kilichoniudhi zaidi. Nilipokuwa nafura kwa hasira, nikiwatukana makao makuu, fundi na drili yake, yeye alikuwa anakanda vidole vyake. Aliniuliza swali moja tu. "Hicho kitundu kina ukubwa gani?" Nikamwonyesha ncha ya kidole changu cha mwisho. Akakitazama kidole changu muda mrefu. Nilidhani anakichokonoa kidonda, nikamwambia aachane na habari hizo.

Kisha asubuhi moja Rula akaja kwangu amevaa nguo za kazi, viatu vya shambani.

"Mama mdogo, nisindikize nyumbani. Nataka kumwomba mama mtungi mmoja wa maji, wa kwangu mwenyewe. Sitaki kuupamba wala kuupima. Nataka niutie maji niwe nakunywa. Na nitamwambia lile neno la friji lilikuwa la kijinga, na kama atakubali, anirudishe kwenye udongo siku za mapumziko."

Nilitupa mkasi chini. "Udongo uwahi ungali maji, mwanangu, twende!" Njia nzima nilikuwa naongea kama kasuku, nikimpangia jinsi ya kuanza.

Tulimkuta dada amekaa mlangoni, mikono ameizungushia vitambaa. Alipomwona Rula alifurahi mpaka akajaribu kusimama. Rula akapiga magoti kumsalimu, akafungua mdomo kuanza, lakini dada akamwahi.

"Afadhali umekuja mwenyewe, nilitaka kumtuma huyu mropokaji. Nimekufanyia kitu. Wewe, kaniletee, kipo chumbani, kimefunikwa na shuka."

Nikaingia, nikautoa. Mtungi. Nimeziona kazi za dada yangu tangu ninyonye, na ule ulizipita zote. Shingo yake nyembamba, tumbo limejaa, kwenye ung'avu wake ungeweza kujitazama. Rula aliupokea kwa mikono miwili akaukumbatia. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, amepewa kabla ya kuomba.

"Ugeuze," dada alisema. "Utazame chini."

Rula akaugeuza. Katikati ya kitako kulikuwa na kitundu. Kilikuwa cha duara kamili, kingo zake zimesuguliwa laini kama kitovu cha mtoto, kadiri ya ncha ya kidole changu cha mwisho.

"Nimetoboa mwenyewe, udongo ukiwa mbichi," dada alisema, na sauti yake ilikuwa imejaa furaha ya mtu aliyefumbua fumbo. "Hivyo hauumii. Waya utapita wenyewe. Ile drili ni kitu cha kikatili, mwanangu, ningejua tangu mwanzo ningekutobolea yote. Huo umenimalizia mikono, daktari anasema sasa hata kijiko nikishike kwa hadhari. Udongo uliobaki nimewapa wanaojenga. Nikasema wa mwisho nisiufanye ninavyotaka mimi, niufanye unavyotaka wewe."

Rula akaniangalia. Mimi nikatazama mlango. Kuku alikuwa anaparua uani, nikamtazama kuku.

"Ndio hasa huu niliokuwa nautaka, mama," Rula alisema. "Umejuaje?"

"Mimi ni mama yako!" Dada akacheka, akanigeukia. "Umesikia? Na wewe unasema nimezeeka."

Tulikaa mpaka jua likapoa. Dada aliongea sana siku hiyo, juu ya taa, juu ya kuta, alimuuliza Rula maswali mengi ya kazi yake ambayo hakuwahi kuyauliza. Rula alijibu yote. Neno la friji hakulisema, kwa sababu lingehitaji kueleza alichokuja kuomba.

Njiani alitembea ameupakata mtungi. Tulipofika njia panda ya kwangu akasimama.

"Mama mdogo, kitundu kama hiki kinazibika?"

"Kinazibika," nilimwambia. "Kwa saruji kidogo, au kwa nta. Lakini mama yako akija kwako lazima atatia mkono ndani, unamjua. Ataona umeziba."

Akafikiri. Alikuwa ameingiza kidole kwenye kile kitundu bila kujua, anakizungusha.

"Basi nitautia taa," alisema, akaenda zake.